Herman Hollerith: Aliyeikodishia serikali mashine za kuhesabu watu

MKULIMA wa kahawa wa Isansa, wilayani Mbozi, anajua daftari la ushirika linabeba nini: jina, kilo za kahawa ya maganda, deni la mbolea. Wanachama wakifika maelfu, daftari huhamia kwenye kompyuta, na hapo huzuka swali: lifanye kazi juu ya mfumo endeshi upi, yaani programu mama inayoendesha mashine? Windows ya kulipia leseni, au Linux isiyo na ada ya leseni (ingawa fundi wake hulipwa)? Mabenki nayo huumiza kichwa kwa swali hilohilo, kwa sababu ukishachagua, kuhama ni gharama.

Mmoja wa watu wa kwanza kutajirika kwa gharama hiyo ya kuhama ni Herman Hollerith.

Alizaliwa Buffalo, Marekani, Februari 29, 1860, na mwaka 1879 akahitimu uhandisi wa migodi katika Chuo cha Columbia. Alifanya kazi kwenye sensa ya 1880, ambayo kukamilisha hesabu zake kulichukua zaidi ya miaka saba. Kijana huyo akabuni kadi zenye matundu. Kila tundu lilikuwa jibu la mwananchi. Sindano ikipenya, umeme unapita na mshale wa hesabu unasogea.

Mwaka 1888 Idara ya Sensa ilishindanisha mifumo mitatu kwa takwimu halisi za St. Louis. Katika kujumlisha, Hollerith alitumia saa tano na nusu. Wenzake walitumia zaidi ya saa 44 na zaidi ya saa 55. Akapata kazi, na sensa ya 1890 ikahesabu watu 62,622,250.

Sasa tuangalie biashara yenyewe. Hollerith hakuuza mashine. Alikodisha, kwa takribani dola 1,000 kila moja kwa mwaka, na wateja wa kampuni aliyoianzisha mwaka 1896 walitakiwa kununua kadi kwake pia. Baada ya sensa ya 1900, mkurugenzi mpya, Simon North, aliona bei imezidi. Wakashindwana mwaka 1905. Idara ikamwajiri fundi James Powers kuunda mashine nyingine, zilizotumika mwaka 1910.

Kwa maoni yangu North hakukosea, lakini alikuwa na fedha za serikali na karakana yake. Chama cha msingi hakina. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, kiulize: siku tukiachana na muuzaji huyu, majina na kilo zetu vitatoka katika umbo ambalo programu nyingine itaweza kulisoma?

Hollerith aliuza kampuni mwaka 1911 na kupata zaidi ya dola milioni moja. Kampuni iliyotokana na muungano huo iliitwa IBM kuanzia 1924. Yeye alirudi shambani, akafuga ng'ombe wa Guernsey, na kufariki dunia Novemba 17, 1929.

Nchini Uingereza, kampuni iliyotumia hataza za Hollerith na ile iliyotokana na mashine za Powers ziliungana mwaka 1959 na kuitwa ICT. Kompyuta ya ICT ndiyo iliyofungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965, ikiwa ya kwanza nchini. Hesabu za serikali zilivurugika, na mwaka 1974 Tanzania ikapiga marufuku kuingiza kompyuta.