Robert Wangila: Bingwa wa Olimpiki aliyejiona yuko fiti, ubongo ukakataa

Wasee wa riadha, leo tulieni kiasi. Mwaka wa 1988 kule Seoul, Kenya ilibeba dhahabu 5. Nne zililetwa na wakimbiaji: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano? Hiyo ililetwa na ngumi za chali wa Nairobi, Robert Napunda Wangila.

Alikuwa na miaka 21 tu. Kwa fainali ya uzani wa welter alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Mpaka leo hakuna Mkenya mwingine amewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki kwa ndondi.

Baadaye aliingia ndondi za kulipwa, akaenda kusaka doo Marekani. Julai 22, 1994, akapanda ulingoni Las Vegas kumenyana na David Gonzalez. Raundi ya 9, refa Joe Cortez akaona makonde yametosha, akasimamisha pigano. Wangila hakupenda hiyo maneno kabisa, alijiona bado ako na nguvu. Kufika chumba cha kubadilishia nguo, akazimika. Hakuamka tena. Alikufa Julai 24, akiwa na miaka 26.

Hiyo ndiyo noma ya kichwa. Damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu na bado mtu anapiga story vizuri tu.

Na kuna ile inakuja polepole. Huko nyuma 1928, daktari Mmarekani Harrison Martland aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wakiyumba kama walevi na hawajaonja kitu. Leo inajulikana kwamba kichwa kikigongwa kila mara, protini inaitwa tau inaweza kurundikana kwa ubongo. Miaka mingi baadaye mtu anaanza kusahau, kukasirika ovyo, kuchanganyikiwa. Si kila mtu humpata, lakini hatari iko.

Na usidhani ni ya mabondia pekee. Ukianguka na nduthi kati ya Matinyani na Kitui tao, ukapanguza vumbi ukasema uko sawa, uko tu vile Wangila alikuwa. Kichwa kikiuma vibaya, ukitapika, ama usingizi ukizidi, enda hosi saa hiyo hiyo. Na helmeti ni ya kuvaa, si ya kuning'iniza kwa hendo.