Xunzi na Mikono ya Wanakili

Mwalimu yeyote aliyewahi kulaumiwa kwa upotovu wa mwanafunzi wake ataielewa kesi ya Xunzi, mfuasi wa Confucius aliyeishi Uchina katika karne ya 3 kabla ya Kristo (K.K.). Lawama aliyotwishwa mzee huyu, nashikilia, si ya haki.

Alizaliwa katika dola ya Zhao, akafundisha Jixia, chuo cha mabingwa wa dola ya Qi, ambako aliwaongoza wenzake mara 3. Fitina zikamhamisha hadi Chu, akapewa kuitawala wilaya ya Lanling. Mlezi wake alipouawa mwaka 238 K.K., cheo kikaenda naye. Xunzi akabaki huko huko mpaka kufa.

Mwanafunzi wake, Li Si, alipanda akawa waziri mkuu wa Qin. Mwaka 213 K.K. ndiye aliyeshauri vitabu vya kale vilivyokuwa mikononi mwa raia vichomwe, visazwe vya tiba, uaguzi na kilimo.

Kitabu cha zama hizo kilikuwa vibamba vya mianzi vilivyoungwa kwa nyuzi, na aghalabu mtu alinakili sura aliyoihitaji tu. Liu Xiang, alipoagizwa mwaka 26 K.K. kuipanga maktaba ya mfalme, alikuta mafungu 322 ya Xunzi. Akayalinganisha, akaondoa 290 yaliyorudiwa, yakabaki 32. Hesabu hiyo hunifurahisha kuliko sifa yoyote: kila sura ilikuwa na nakala kama 10, baada ya moto wa mwanafunzi wake mwenyewe!

Hata hivyo, anayenakili pia hupanga. Sura isemayo kwamba tabia ya mwanadamu ni mbovu Liu Xiang aliiweka ya 26; Yang Liang, mfafanuzi wa mwaka 818, akaisogeza hadi ya 23. Wasomi wa enzi ya Song waliishika sura hiyo wakamhukumu Xunzi kwayo, wakampandisha Mencius. Laiti wangalianzia mwanzo! Sura ya kwanza, katika mipango yote miwili, yahimiza masomo.

Na mwishoni mwa sura ya 32 ya kitabu tulicho nacho pana maneno yasiyo yake. Yaonekana ni wanafunzi walioyaongeza, wakimtetea mwalimu wao dhidi ya waliodai kwamba hakumfikia Confucius.