Maisha ya Marehemu Paul Bomani, Mtu wa Mizani

Babu yangu, ambaye ni mkulima wa Magu, hana desturi ya kuiamini mizani ya mtu. Akinunua sukari dukani huinyanyua kwanza kwa mkono, kisha huitazama mizani, ndipo atoe fedha. Zamani nilidhani huo ni ubahili wa uzee. Siku moja nilipomwuliza, alinieleza kwamba alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake kwenda kuuza pamba, na huko ndiko alikojifunza. Kisha akalitaja jina la Paul Bomani. Kwa kuwa wengi wetu shuleni hulisikia jina hilo bila kumjua mwenyewe, nimeona ni vyema niandike habari zake kwa ufupi katika gazeti letu la muhula huu.

Marehemu Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 katika wilaya ya Musoma. Baba yake alikuwa Msukuma, mhubiri wa kanisa la Waadventista Wasabato. Baada ya masomo alipata kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, lakini hakudumu huko. Mwaka 1947 akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika hapa Mwanza. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka 22 tu.

Siku zile pamba ya Jimbo la Ziwa ilinunuliwa na wenye vinu vya kuchambulia pamba pamoja na mawakala wao, ambao wengi wao walikuwa wafanya biashara wa Kiasia. Bei ilipangwa na Serikali, kwa hiyo mnunuzi hakuweza kuipunguza waziwazi. Lakini mizani ilikuwa yake, na aliyeisoma alikuwa mtu wake. Mkulima amebeba mzigo tangu alfajiri, pengine hajui kusoma, na hana mahali pengine pa kuuza. Tufanye kwamba mizani imeiba ratili 5 katika kila gunia la ratili 100. Akileta magunia 20, gunia moja zima limekwenda bure, wala hakuna aliyemwona mwizi.

Bwana Bomani alizunguka vijijini akiwaamsha wakulima. Jambo la kwanza walilolifanya halikuwa kujenga vinu. Waliweka wapimaji wao wenyewe, ili mkulima aujue uzito wa pamba yake kabla ya kuifikisha kwa mnunuzi. Mtu mwenye hesabu yake mkononi hadanganyiki kwa urahisi. Baada ya hapo ndipo vyama vya msingi vilipoota kila upande, Usukumani, Geita na Ukerewe, na vyama hivyo vikaungana.

Mwaka 1953 Bwana Bomani alikwenda Uingereza kusoma mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough. Aliporudi, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria lilianzishwa mwaka 1955, naye akawa meneja wake mkuu. Kufika mwaka 1959 pamba yote ya sehemu hizi ilikuwa ikinunuliwa kwa njia ya vyama vya wakulima, na vinu kadhaa vilikuwa mali yao wenyewe. Jambo hilo lilisifiwa Afrika nzima.

Nchi ilipopata Uhuru mwezi wa Desemba 1961, Bwana Bomani alikuwa Waziri wa Kilimo, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Hapo ndipo alipokutana na mizani nyingine, kubwa kuliko zile za Magu na Kwimba.

Naomba wasomaji wanivumilie nieleze kidogo. Fedha tuliyoitumia wakati huo haikuwa yetu. Ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kukaa London hadi mwaka 1960 ilipohamia Nairobi. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza, na ili shilingi zitolewe huku, ilipasa pauni ziwekwe akiba kule. Basi pamba yetu ikiuzwa ng'ambo, sehemu ya mapato yake ilibaki Uingereza kama mkopo wa maskini kwa tajiri. Mabenki makubwa nayo yalikuwa matawi tu ya mabenki ya London. Yalipendelea kuwakopesha wafanya biashara wa kuagiza na kusafirisha mali, na fedha iliyozidi yaliipeleka makwao. Hapakuwa na Benki Kuu ya kuyakagua wala kuyauliza.

Mfano mmoja unatosha. Mwezi wa Septemba 1949 Uingereza iliishusha thamani pauni yake, kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Siku hiyo hiyo shilingi ya mfukoni mwa mkulima wa Ukerewe ilishuka pamoja nayo, na hakuna aliyemwuliza. Mnunuzi wa pamba alikuwa ameshika mizani ya magunia. London ilikuwa imeshika mizani ya shilingi.

Katika siku za uwaziri wa Bwana Bomani, Serikali yetu ilijiunga na Shirika la Fedha la Kimataifa pamoja na Benki ya Dunia, mwezi wa Septemba 1962. Mwaka 1963 mtaalamu wa Benki Kuu ya Ujerumani, Erwin Blumenthal, aliwasilisha taarifa yake kuhusu namna ya kuendesha fedha yetu. Wengi walitumaini kwamba Tanganyika, Kenya na Uganda zingekuwa na Benki Kuu moja, lakini mashauri hayo hayakufanikiwa. Mwezi wa Juni 1965 ilitangazwa kwamba kila nchi itatoa fedha yake.

Sasa nifike kwenye sehemu ya maisha yake ambayo kwangu ndiyo yenye funzo kubwa. Katika uchaguzi wa Septemba 1965 wapiga kura walimwangusha Bwana Bomani. Naam, mtu yule aliyewatoa wakulima katika wizi wa mizani, wananchi walimnyima kura zao, naye akiwa Waziri wa Fedha. Mwaka uliofuata Serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika, kwa sababu malalamiko yalikuwa yamezidi. Wakulima walikuwa wakinung'unika kwamba mizani za vyama vyao wenyewe nazo zimeanza kupunja, na makarani wamejifanya mabwana. Sisemi kwamba lawama hiyo ilikuwa ya Bwana Bomani. Nasema tu kwamba mizani haiwi ya haki kwa kuwa imeshikwa na ndugu yetu. Huwa ya haki kwa kuwa kuna mwingine anayeikagua.

Kwa hiyo sheria ya Benki Kuu ilipopitishwa Bungeni mwezi wa Desemba 1965, Waziri wa Fedha alikuwa Bwana Amir Jamal. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na Gavana wake wa kwanza alikuwa Bwana Edwin Mtei. Bwana Bomani alikuwa amelima shamba, na mwingine akavuna. Lakini hakususa. Rais Nyerere alimteua kuwa Mbunge, akampa Wizara ya uchumi na mipango ya maendeleo, naye akaendelea na kazi.

Matunda hayakuchelewa. Mwezi wa Novemba 1967 Uingereza iliishusha tena thamani pauni yake. Safari hii Tanzania haikufuata. Shilingi yetu ilibaki palepale, kwa sababu uamuzi ulitolewa Dar es Salaam. Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, mabenki ya biashara yalikuwa yametaifishwa.

Tangu mwaka 1972 hadi 1983 Bwana Bomani alikuwa Balozi wetu Marekani. Makao ya Shirika la Fedha la Kimataifa na ya Benki ya Dunia yako katika mji huo wa Washington alikokaa. Miaka ile ilikuwa migumu. Mafuta yalipanda bei, mazao yetu hayakupata bei nzuri, na nchi maskini zikaomba mikopo yenye masharti makali. Mwaka 1980 mkutano ulifanyika Arusha, ukadai kwamba mpango wa fedha wa dunia utengenezwe upya, ili nchi zote ziwe na sauti. Hadi leo katika Shirika hilo kura za nchi hupimwa kwa ukubwa wa mchango wake, na tajiri ndiye mwenye mkono mzito. Mizani hiyo bado haijapata mpimaji wa pili.

Kuanzia mwaka 1993 Bwana Bomani alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hata alipofariki dunia mwaka 2005.

Wanafunzi wenzangu, mtu anaweza kusema kwamba mambo ya mabenki ni ya wakubwa. Mwaka juzi mtu mmoja alikuja kijijini kwetu, akakusanya akiba za watu kwa ahadi ya kuzizidisha maradufu kwa miezi mitatu. Hakuwa na leseni ya Benki Kuu, wala hakuna aliyemwuliza. Hajaonekana tena. Nyanya yangu alikuwa amempa fedha za mavuno ya msimu mzima. Babu, mkaguzi wa mizani ya sukari, hakuambiwa mpaka fedha zilipokwisha kwenda.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Bwana Bomani alianza kwa kumwonyesha mkulima uzito wa gunia lake. Nasi tuliobahatika kusoma tuna kazi hiyo hiyo nyumbani. Kabla mzee hajatoa akiba yake, tumwulizie leseni, tumsomee karatasi na tumhesabie riba. Mimi nitaanzia Magu wakati wa likizo.