Maisha na Mchango wa Siti binti Saadi

Katika miaka ya 1920, majumba ya sinema ya Unguja yalionyesha filamu bubu, ambazo waigizaji wake walionekana bila ya kusikika. Msanii wa kike aliyevuma kuliko wote Afrika Mashariki zama hizo alipata sifa kwa njia iliyo kinyume: maelfu walimsikia katika santuri bila ya kumwona. Huyo alikuwa Siti binti Saadi.

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Jina hilo lilidhihirisha hali ya wazazi wake, kwani utumwa haukuondolewa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Hakupata elimu ya shule wala ya chuoni. Alirithi ufinyanzi kwa mama yake, akawa anatembeza vyungu akivinadi kwa sauti iliyowavutia wasikiaji.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanachama wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoasisiwa mwaka 1905, ambaye alimfunza uimbaji. Baadaye alishirikiana na Subeti Ambari, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaabani na Mbaruku Talsam. Jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima.

Taarabu ilikuwa imelelewa katika kasri la Sultani, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Siti aliweza kuimba kwa Kiarabu, lakini umaarufu wake ulijengwa na Kiswahili. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri hizo zilienea pwani na bara, zikathibitisha kwamba sanaa ya Kiswahili ilikuwa na soko na hadhi.

Nyimbo zake hazikuishia kwenye mapenzi. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, na jinsi mtuhumiwa alivyoponyoka huku wanawake waliotoa ushahidi wakitiwa hatiani. Kwa hiyo, wanyonge walipata katika taarabu baraza ambalo mahakama ya kikoloni haikuwapa.

Mahasimu walimdhihaki kwa asili yake ya shamba na ufukara. Alijibu kwa wimbo, akishikilia kwamba sura na nasaba si kitu, na kwamba hasara ya kweli ni kukosa akili. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Maisha yake yalihifadhiwa na Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saadi.

Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili kina wenyewe, na kauli hiyo humvunja moyo mwanafunzi wa Kabati au kwingineko Ukambani, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikamba. Maisha ya Siti yanaikosoa. Binti wa Mnyamwezi na Mzigua, asiye na nasaba wala kisomo, ndiye aliyekipeleka Kiswahili ng'ambo ya bahari na kukirejesha kikiwa kimenakiliwa katika santuri. Umiliki wa lugha, basi, hupatikana kwa kuitumikia.