Charles Taylor: Fundi aliyeipa ndege ya kwanza uhai

NDUGU Wright wanaposifiwa kwa kurusha ndege Desemba 17, 1903, ni wachache wanaomkumbuka Charles Taylor. Fundi huyo, aliyezaliwa Illinois, Marekani, mnamo 1868, aliunda injini ya ndege hiyo kwa muda wa wiki sita katika karakana yao ya baiskeli mjini Dayton.

Uzito ulikuwa adui mkubwa. Betri ziliunganishwa kwa nyaya wakati wa kuwasha injini tu, kisha zikaachwa ardhini. Angani, cheche zilitokana na magneto iliyozungushwa na injini yenyewe.

Taylor alifariki mnamo 1956 akiwa na umri wa miaka 87. Leo, siku aliyozaliwa, Mei 24, hutumiwa nchini Marekani kuwaenzi mafundi wa ndege.