Aliyewafuata Nyuki Bila Kutaka Asali

Wahenga walitushauri tumfuate nyuki ili tule asali. Karl von Frisch alimfuata maisha yake yote, ila alichokitafuta hakikuwa asali bali habari: nyuki mmoja akigundua penye maua, wenzake mzingani hujuaje pa kwenda?

Mtaalamu huyu alizaliwa Vienna mwaka 1886. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa amekwisha kuwapinga wakubwa wa taaluma walioshikilia kwamba nyuki hatambui rangi. Aliwazoesha nyuki kunywa maji ya sukari juu ya kadi ya buluu, kisha akaichanganya kadi kama hiyo, isiyo na sukari, na kadi za kijivu. Nyuki waliiendea ile ya buluu.

Katika miaka ya 1920 alitangaza kwamba nyuki wana ngoma mbili wanazozicheza juu ya sega: ya mviringo kwa habari za nekta, na ya kutikisa tumbo kwa habari za chavua. Hapo alikosea.

Mwaka 1941 utawala wa Wanazi uliamua kumfukuza Chuo Kikuu cha Munich kwa sababu nyanya yake mzaa mama alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Kilichomwokoa ni maradhi ya nosema yaliyokuwa yakiwaangamiza nyuki. Serikali ilihitaji ujuzi wake, ikaahirisha kumwondoa hadi vita viishe.

Kati ya 1944 na 1945, akiwa Brunnwinkl nchini Austria, alivisogeza vyombo vya chakula mbali na mzinga, na nadharia yake ikaporomoka. Ngoma ya kutikisa tumbo haikutaja aina ya chakula bali mahali kilipo. Nyuki akicheza kuelekea juu wima, chakula kiko upande wa jua. Akiinamia kulia kwa nyuzi 40, chakula kiko nyuzi 40 kulia kwa jua. Kadiri anavyotikisa kwa muda mrefu, ndivyo safari ilivyo ndefu. Von Frisch hakujitetea. Aliyafuta maelezo aliyoyafundisha kwa takriban miaka 20, akaandika upya.

Mwaka 1973 alituzwa Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Alifariki Munich mwaka 1982.

Wanaisimu wengi, nami nikiwamo, tunasita kuiita ngoma hiyo lugha, kwani nyuki hawezi kuuliza, kukanusha wala kusimulia ya mwaka jana. Hata hivyo, hatuna budi kumwiga von Frisch katika jambo moja. Aghalabu sisi wasomi huzing'ang'ania nadharia zetu hata ushahidi unapozikana, tukichelea kuaibika mbele ya wanafunzi. Yeye alikubali kukosolewa na mdudu, na kwa kukubali huko akapata ugunduzi mkubwa kuliko yote ya maisha yake.