Walt Disney na benchi la wazazi

Tangu serikali ya Kaunti ya Machakos ilipofungua bustani ya umma mjini Machakos mwaka 2013, ile iitwayo People's Park, imezidi kudhihirika kwamba mahali pa kupumzikia ni haki ya mwananchi, wala si anasa ya tabaka la wenye nacho. Sisi wa Ekalakala, huku Masinga, tuna haki ya kuuliza zamu yetu itafika lini. Lakini kabla ya kuuliza lini, hatuna budi kuuliza bustani ya namna gani. Kijana hutaka mtambo wa kumrusha juu na kumpindua mpaka apige ukemi. Mama mwenye mtoto wa miaka mitatu hutaka kitu kingine kabisa, na nyanya yake mtoto huyo hutaka kingine tena. Suala hili lilimkabili zamani mtu mmoja ambaye jina lake hujulikana hata na watoto wetu, na naona maisha yake yanafaa kusimuliwa hapa.

Walter Elias Disney alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 5 Desemba 1901. Baba yake, Elias, alikuwa seremala aliyeshiriki katika ujenzi wa maonyesho makuu ya dunia yaliyofanyika mjini humo mwaka 1893. Ni katika maonyesho hayo ambapo mhandisi George Ferris aliusimamisha mtambo wake mashuhuri, gurudumu kubwa la kupandisha watu angani. Mwaka 1906 aila hiyo ilihamia shambani Marceline, katika jimbo la Missouri, na mwaka 1911 ikahamia Kansas City. Huko Walt na kaka yake Roy walirauka kabla ya alfajiri kusambaza magazeti nyumba kwa nyumba, hata wakati wa theluji, nao ujira wote ukaishia mikononi mwa baba. Mtu ambaye baadaye aliwajengea watoto wa wenzake pa kuchezea, yeye mwenyewe hakupata wasaa mwingi wa kucheza.

Alipokuwa mtu mzima alijaribu biashara ya filamu za katuni, ikafilisika mwaka 1923. Akafunga safari kwenda Hollywood, akaungana na Roy, wakaanza upya. Mwaka 1928 alimleta duniani panya Mickey, na mwaka 1937 akatoa filamu ndefu ya Snow White, ambayo wengi walikuwa wameibashiria maangamizi. Hakuwa malaika. Wachoraji wake waligoma mwaka 1941 wakidai haki zao, naye hakuwasamehe upesi. Hata hivyo, sifa yake moja haikanushiki: alikuwa mtu wa kutazama mambo ya kawaida kwa makini.

Kwa makini hayo alianza kuifikiria bustani. Katika siku zake za mapumziko aliwapeleka binti zake wawili, Diane na Sharon, kupanda bembea ya farasi wa mbao katika Griffith Park, Los Angeles. Watoto walizunguka wakifurahi. Baba alikaa bencini akingoja. Akawaona wazazi wengine wakingoja vivyo hivyo, na akatambua kwamba bustani za wakati huo ziliwatenga watu wa nyumba moja: mmoja hucheza, mwingine hulipa na kukaa kando. Akatamani mahali ambapo mzazi na mtoto wangefurahi pamoja. Mwaka 1951 alizuru Tivoli, bustani ya mjini Copenhagen iliyofunguliwa mwaka 1843, akavutiwa na usafi wake, maua yake na taa zake.

Roy alisita, na wenye mabenki wakasita zaidi. Walt alikopa kwa dhamana ya bima ya maisha yake, akapatana na shirika la televisheni la ABC, akanunua ekari 160 za michungwa huko Anaheim. Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Siku hiyo ilikuwa ya vurugu: tiketi bandia zilizagaa, na lami mbichi ikanasa visigino vya viatu vya akina mama. Kwa kuwa mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma, Disney alilazimika kuchagua kati ya vyoo na mabomba ya maji ya kunywa. Alichagua vyoo.

Vitu alivyovitanguliza ni gari-moshi la kuizunguka bustani, mashua na bembea za farasi, ambavyo babu na mjukuu waliweza kuvipanda wakiwa wameketi bega kwa bega. Vijana walipohitaji msisimko zaidi, hakuwapuuza. Mwezi Juni 1959 alifungua mlima wa kuiga ule wa Matterhorn wa Uswisi, wenye kimo cha mita 45 hivi, ambamo vigari viliporomoka kwa kasi juu ya reli za mabomba ya chuma, ufundi uliokuwa mpya wakati huo. Lakini sambamba na mlima huo alizindua nyambizi za kutazamia mandhari ya chini ya maji, na treni ya reli moja ya juu. Kwa mtambo mmoja wa kutisha, aliongeza miwili ya kila mtu. Hofu aliitia kama chumvi, kwa kipimo.

Nina lawama yangu pia. Katika safari ya mashua ya bustani hiyo, Mwafrika alisawiriwa kama mshenzi wa porini, na kampuni ilianza kuzirekebisha sanamu hizo mwaka 2021, miaka mingi baada ya mwanzilishi kufariki kwa saratani ya mapafu tarehe 15 Desemba 1966. Tuige hekima yake, tusiige macho aliyotutazamia.

Kwa hivyo, ikiwa siku moja Ekalakala itajengewa bustani, rai yangu ni hii. Tuanze na kivuli, vyoo na maji, kwa kuwa jua la Masinga halina mzaha. Zifuate bembea ambazo mama aliyeuza ndengu na maembe yake sokoni ataweza kuzipanda na mwanawe, kwa nauli asiyoijutia jioni. Mtambo wa kuwapindua vijana uje baadaye, ukaguliwe na wataalamu, na usimeze fedha zote. Bustani ambamo nusu ya jamaa hukaa kando ikiingoja nusu nyingine ni ya umma kwa jina tu, na kodi iliyoijenga ilitoka kwa hao wanaongoja pia.